Keki za Nyanya

Kazi yangu ni kuandika vibao. Vibao vya vinyozi, vya maduka ya dawa, vya mafundi viatu, na mishale ya kuonyesha choo kilipo. Mteja akija na maneno yake kwenye karatasi, kabla sijashika brashi namsahihisha. Kuna mwenye nyumba mmoja alitaka ukutani kwake paandikwe USIKOJOWE HAPA. Nikamwambia hapana, mzee, ni USIKOJOE. Tukabishana pale pale ukutani, na watu wawili wakaja wakakojoa wakaenda zao huku sisi bado tunabishana. Kwa ajili ya mambo kama hayo mtaa mzima unaniita Profesa. Wao wanadhani wananitania. Mimi nilikuwa naliitikia jina hilo kwa raha zangu zote, mpaka Jumamosi ya keki.

Nilioa nikiwa nimechelewa, jambo ambalo dada zangu hawachoki kunikumbusha, na nikaoa mwanamke mwenye mtoto wa kike. Mke wangu ni muuguzi. Kwa sababu ya zamu zake, mtoto alikuwa amelelewa na bibi yake katika mji mwingine tangu hajaota meno. Shule zilipofunguliwa mwaka huu tukamleta akae nasi, aanze darasa la kwanza.

Bibi yake alikuwa amembandika jina la Chiriku, kwa sababu, nilivyoambiwa, hanyamazi. Anasimulia, anauliza, anajijibu, anaanza upya. Mimi huyo Chiriku sikumwona. Aliyeshuka kwangu na mkoba wake alikuwa mgeni mdogo mwenye adabu za kutisha. Asubuhi ananiamkia, shikamoo. Nikimpa maji, asante. Akipita mbele yangu, samahani. Akimaliza kula anauliza kama anaruhusiwa kunyanyuka. Akitaka kuongea na bibi yake anachukua simu ya mama yake, anaingia chumbani, anafunga mlango polepole ili asinisumbue. Kuniita hakuniita chochote, kwa kuwa hakuwahi kuwa na haja ya kuniita.

Majirani walinipongeza. Mtoto ana heshima huyo, Profesa, una bahati. Nikawa natabasamu, lakini moyoni ilikuwa inaniuma. Mtoto aliye kwao hununa. Hugoma kuoga, hudai, hupiga mlango. Huyu alikuwa anakaa nyumbani kwangu mfano wa mtu aliyekaa ukumbi wa hospitali akisubiri jina lake liitwe. Nilitaka kitu kimoja tu, na nilikitaka sana kuliko nilivyokuwa tayari kumwambia mke wangu: nilitaka mtoto yule ajisikie kwao kiasi cha kuweza kuninunia.

Basi siku yake ya kuzaliwa ikakaribia, anatimiza miaka saba. Mke wangu akasema tuagize keki dukani, zile ndogo za kuokwa kwenye vikombe vya karatasi, maana watoto wa jengo letu wanazipenda na hazihitaji kukatwa.

"Kuagiza?" nikasema. "Nyumba yenye msanii iagize keki?"

"Wewe ni mwandika vibao, mume wangu."

"Krimu na rangi zina tofauti gani? Zote zinapakwa."

Akanitazama vile anavyowatazama wagonjwa wanaochomoa dripu wenyewe. Lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hukubali mambo mengi.

Alhamisi jioni, mimi na mtoto tukiwa mezani peke yetu, nikamuuliza kwa sauti yangu ya upole, ambayo dada zangu wanasema inafanana na ya mtu anayeuza bima.

"Siku yako ikifika, unataka keki gani?"

Alifikiri sana. Akaweka kijiko chini.

"Za nyanya," akasema. "Kama inawezekana."

Nilishangaa. Watoto wa jengo letu huagiza mabinti wa kifalme, magari ya mbio, wanyama wenye macho makubwa kuliko matumbo. Nimeshaona keki yenye uso wa mchezaji mpira ambaye mama yake mzazi asingemtambua. Huyu anataka nyanya. Nikajiambia huyu ni mtoto wa pekee, ana jicho la msanii, anaona uzuri kwenye kikapu cha mboga. Nikaanza hata kuona kwamba tunafanana.

"Mbona nyanya?" nikamuuliza.

Kwa mara ya kwanza tangu aje, uso wake ukafunguka. "Nyanya ananukia vizuri," akasema.

Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu angesimama akajiuliza. Mimi sikusimama. Profesa aliamka ndani yangu na brashi mkononi.

"Inanukia," nikamwambia. "Nyanya inanukia. Mtu ndiye ananukia. Mtu ni *a*, ananukia. Kitu kama nyanya ni *i*, inanukia. Umeona?"

Alinitazama. Midomo yake ilicheza kidogo kama anataka kubisha, kisha zile adabu zikashuka.

"Inanukia," akasema. "Asante."

Nami nikamwambia karibu! Sikio la kufa halisikii dawa.

Mke wangu aliponiuliza mtoto amechagua nini, nikavimba kichwa. "Hiyo ni siri yetu sisi wawili," nikamjibu. Sisi wawili. Nilikuwa nimesubiri miezi kupata nafasi ya kuyasema maneno hayo, na nilikuwa radhi kuoka hata vitunguu ili niyaseme tena. Kuuliza si ujinga, wanasema wahenga, lakini mimi wakati huo sikuwa na nafasi ya wahenga.

Jumamosi mke wangu akaenda zamu ya asubuhi. Oveni hatuna, kwa hiyo nikahamia kwa jirani yetu wa mlango wa pili, Mama Pacha, mwenye oveni na mapacha wawili na mdomo usio na breki. Yeye ndiye aliyenisaidia kuoka keki zenyewe, maana mimi sehemu hiyo niliidharau. Niliiona sawa na kupiga ubao msasa. Zilitoka vizuri, za rangi ya dhahabu, zimevimba katikati, tupu, zikifuka moshi.

Mtoto alikuwa anacheza na mapacha koridoni. Harufu ikamleta mlangoni. Akachungulia, macho yake kwenye trei.

"Zimeiva?" akauliza.

"Bado! Hazijapambwa. Toka, usione."

Hakutoka mara moja. Alinusa. "Hakuna chungwa?"

"Chungwa?" nikasema. "Si ulisema za nyanya?"

"Ndiyo," akasema, na uso wake ukaonyesha kuchanganyikiwa. "Za nyanya."

"Basi chungwa la nini tena? Tuchague moja."

Akasema samahani, akaenda. Nikamwambia Mama Pacha watoto wa siku hizi hawana msimamo.

Kisha nikaanza kazi yangu. Ukiweka rangi nyekundu kwenye siagi iliyopigwa na sukari, hupati wekundu. Unapata waridi, rangi ya ufizi. Mtu yeyote aliyewahi kuchanganya rangi angejua, na mimi nimechanganya rangi maisha yangu yote, na sikujua. Nikaongeza. Ikawa waridi iliyokasirika. Nikaongeza tena hadi chupa ikaisha, na mikono yangu ikawa myekundu mpaka kwenye viwiko. Nikatuma pacha mmoja akanunue chupa nyingine. Krimu nayo ikaanza kulegea kwa joto, nikaiingiza kwenye friji, ikawa ngumu kama chokaa, nikaitoa, ikalegea. Keki ya kwanza nilipoimaliza Mama Pacha aliinama kuiangalia, akanyamaza, na huwa hanyamazi.

"Profesa," akasema mwishowe, "hiki ni kidonda?"

"Ni nyanya."

"Nyanya imepatwa na nini?"

Nilikasirika, sifichi. Mimi nimeandika kibao cha hospitali ya macho. Nikaenda sokoni nikanunua nyanya halisi moja, nzuri, nikaiweka mbele yangu kwenye kisahani ili nione umbo lake. Nyanya si mpira. Ina mabega, ina mikunjo inayoteremka kutoka kwenye kikonyo. Nikapaka krimu kwa kisu, nikaivuta mabega, nikaiwekea taji la majani ya kijani kwa mfuko wa kukamulia wenye mdomo wa bati. Kisha kwa brashi yangu mpya kabisa, isiyowahi kugusa rangi ya mafuta, nikaweka doa jeupe dogo juu kushoto, pale mwanga unapogonga. Lile doa ndilo siri ya kazi. Bila doa una duara. Ukiweka doa una nyanya.

Na zilikuwa nzuri. Nimechekwa sana tangu siku ile na nimekubali kila nilichoambiwa, lakini hilo silikubali hata wanifunge. Trei nzima ya nyanya zilizoiva, zinang'aa, ungedhani zimechumwa asubuhi. Mama Pacha mwenyewe aliguna akasema mtu anaweza kusahau akazikatia kwenye mchuzi.

Na kwa kuwa mimi ni mimi, nikaandika kibao. Ubao mweupe, herufi nyekundu zenye kivuli, mstari wa kijani chini: KEKI ZA NYANYA. Nikakitundika sebuleni kwetu juu ya meza, nikafunika trei kwa kitambaa, nikasubiri.

Mke wangu alirudi saa chache baadaye na sare yake ya kazi, viatu mkononi, ili avue uchovu kabla wageni hawajaja. Akainua macho akaona kibao. Akasimama. Machozi yakamlenga.

"Umeongea na Mama?" akauliza.

"Mama gani?"

"Umempigia akakuelekeza? Wewe! Na hukuniambia." Akanishika shavu. Sikujua nimefanya nini, lakini mtu akikushika shavu hivyo huulizi.

Mtoto naye alikuwa ameingia, amevaa gauni lake la njano. Kusoma ndiyo kwanza alikuwa anajifunza. Alisoma kibao kwa midomo, silabi moja moja, na alipofika mwisho akarukaruka. Kurukaruka! Mtoto yule ambaye kwangu alikuwa anatembea kwa ncha za vidole. Akatazama mlangoni, akatazama jikoni, akachungulia nyuma ya pazia.

"Nyanya yuko wapi?"

"Ziko hapa!" nikasema, na nikavuta kitambaa kwa madaha ya mchezaji mazingaombwe.

Mtoto alizitazama zile nyanya zote, pamoja na madoa yao meupe. Kisha akanitazama mimi. Kidevu chake kilikuwa kinatetemeka, lakini alijikaza, akakunja mikono mbele ya gauni.

"Asante," akasema. "Ni nzuri sana." Akaenda chumbani, akafunga mlango polepole.

Mke wangu alikuwa bado ameshika viatu. "Ni nini hivi?"

"Nyanya."

"Naona ni nyanya. Kwa nini ni nyanya?"

"Mtoto ndiye aliyetaka! Nilimuuliza anataka keki gani, akasema za nyanya."

Mke wangu aliketi. Hakutafuta kiti, aliketi tu, na bahati nzuri kiti kilikuwepo. "Nyanya ni mama yangu," akasema.

"Mama yako ni nyanya?"

"Bibi! Bibi yake! Kwetu bibi anaitwa nyanya. Mtoto anataka keki za bibi yake, zile anazomwokea kila mwaka!"

Akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa kiatu, kisha kicheko kikageuka kikawa kilio cha kweli, na mimi nikabaki nimesimama na kitambaa mkononi.

Ningekuwa na nafuu kama ningeweza kusema sikujua. Lakini nilijua. Nimesoma kamusi, naipenda kamusi, najua nyanya ni tunda na najua nyanya ni mama mzaa mama au mzaa baba. Ila kwetu sisi bibi ni bibi na nyanya ni ya sufuriani, na mke wangu akimtaja mama yake kwangu humwita Mama, na mtoto akimwita humwita chumbani, mlango umefungwa. Asiyejua maana haambiwi maana. Mimi nilijua maana zote mbili na bado niliambiwa bure.

"Mpigie," nikamwambia mke wangu. "Muulize anazitengenezaje."

"Mpigie mwenyewe." Akafuta macho. "Doa ni lako, fua mwenyewe."

Niseme wazi kwamba namwogopa mama mkwe wangu. Hajanikosea kitu. Ni kwamba mkwe ni mkwe. Tangu nioe tulikuwa tumebadilishana shikamoo na marahaba na habari za mvua, na mimi nilikuwa nimeridhika hivyo. Nikapiga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto yuko salama?"

"Yuko salama. Mama, nimefanya kosa."

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia kwenye rangi na joto la krimu, mpaka akanikatiza.

"Ngoja. Umenichora mimi kwenye keki?"

"Hapana, Mama. Nimechora nyanya. Ile ya kupika."

"Nyekundu?"

"Nyekundu, Mama."

"Imeiva vizuri?"

"Imeiva."

Simu ikatoa mlio nikadhani analia. Alikuwa anacheka, akikohoa katikati. "Miaka yote hii naitwa nyanya," akasema, "leo ndiyo nimeota kikonyo."

Nikacheka na mimi, kwa woga. Halafu sauti yake ikabadilika.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Alhamisi usiku alinipigia analia. Akaniuliza, nyanya, wewe ni mtu au ni kitu? Nikamwambia ni mtu, nani amekuambia mimi ni kitu? Akasema huko wanakosema ni kwao, nyanya ni kitu."

Nikaikumbuka Alhamisi ile. Nilikuwa nimekaa mezani, mbele ya mtoto aliyeachana na mtu aliyemlea, mtoto aliyefungua mdomo mara moja tu kuniambia anamkumbuka, na nikamfundisha kwamba mtu huyo hana hadhi ya kuitwa mtu. Na nilimwambia karibu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Nisamehe, Mama."

"Mimi sina neno na wewe. Kamwombe mwenyewe." Akapumua. "Sasa sikiliza. Chungwa, ukwangue ganda la juu tu, ukifika kwenye nyeupe umeharibu, inakuwa chungu. Maziwa yawe na uvuguvugu. Na usiweke kitu juu. Mtoto huyo hapendi madoido. Anaila ikiwa tupu, ya moto, mkononi."

"Unga kiasi gani, Mama?"

"Wa kutosha."

"Wa kutosha ni vikombe vingapi?"

"Mtoto anajua. Muulize yeye. Na akikujibu," akasema mama mkwe wangu, "usimsahihishe."

Nikaenda nikabisha hodi mlango wa chumba ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Alisema karibu. Alikuwa ameketi pembeni ya kitanda, viatu miguuni, kana kwamba angeambiwa muda wowote aondoke. Nikakaa sakafuni, kwa kuwa nilitaka niwe chini yake.

"Nyanya ni mtu," nikamwambia. "Ananukia. Ulisema sawa. Mimi ndiye niliyekosea."

Akaniangalia kwa makini, kuona kama huo ni mtego mwingine wa sarufi.

"Haina neno," akasema. "Hata mwalimu wetu huwa anakosea."

"Mimi ni mjinga."

"Nyanya hataki tuseme mjinga."

"Anataka tusemeje?"

"Tuseme, bado hajaelewa."

"Basi mimi bado sijaelewa," nikasema, "na nina unga na machungwa jikoni kwa Mama Pacha, na sijui unga wa kutosha ni kiasi gani."

Alifikiri. Akashuka kitandani. Mlangoni alisimama akaniangalia mikono. "Kwanza kanawe," akasema. Nilinawa. Ule wekundu haukutoka, lakini aliridhika kwamba nimejaribu.

Wageni walikuwa wameanza kuingia, watoto wa ghorofa zote, na mke wangu akawapokea. Walizishambulia nyanya zangu bila huruma. Hakuna hata mmoja aliyeliona doa jeupe. Nilipopita koridoni walikuwa na midomo myekundu na meno mekundu, na mama mmoja alikuwa anauliza kwa wasiwasi kama rangi hiyo inatoka. Nilimwambia ndiyo. Sikuwa na hakika.

Jikoni kwa Mama Pacha, mtoto alipanda juu ya stuli akashika uongozi. Mara moja tu alikuwa bado mgeni, aliponiambia samahani, naomba yai. Baada ya hapo Chiriku alifika. Aliniambia nimevunja yai kama mtu anayegombana. Aliniambia nyanya hukoroga kwa kuzungusha upande mmoja tu, ukirudisha nyuma keki inasahau kuvimba. Aliniambia habari za paka wa nyanya, na za mwanamke jirani wa nyanya asiyerudisha vyombo, na jinsi nyanya anavyoimba vibaya lakini hajui. Nilikuwa namimina unga na kumsikiliza.

"Tia tena," akasema. "Tena. Tena kidogo. Basi. Basi! Nimesema basi, wewe husikii?"

Alinikemea. Mama Pacha aligeuka kunitazama aone nitafanya nini na mtoto anayemkemea mtu mzima. Mimi nilikuwa nimeinamia bakuli nikijifanya kutafuta madonge ya unga, maana macho yangu yalikuwa yamejaa.

Tulizitia kwenye oveni, tukakaa sakafuni mbele ya kioo chake, mimi na yeye, magoti yetu meupe kwa unga. Harufu ya chungwa ikaanza kutoka polepole. Alikuwa ameegemeza shavu kwenye goti, akitazama keki zinavyonyanyuka.

"Unaweza kunirudisha kwa nyanya?" akauliza.

Lilikuwa ombi la kwanza kubwa kuniomba tangu aje. Hakulisema kwa hasira. Alinitazama usoni, ananiuliza kama mtu anayeweza kumsaidia, na labda ndiyo sababu liliingia ndani zaidi. Nilikuwa na mengi ya kusema, habari za shule, habari za mama yake na jinsi alivyolia miaka yote ile akirudi kutoka kumtembelea. Lakini nilikuwa nimeshamsemea mtoto huyu vya kutosha.

"Shule zikifungwa nitakupeleka," nikamwambia. "Mimi mwenyewe."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akageukia tena oveni. Nami nikabaki nimekaa pale na mikono yangu myekundu, nikijua kwamba nimeshindwa. Nilikuwa nimetafuta njia ya kumfanya akae, na njia pekee niliyoipata ilikuwa ya kumrudisha alikotoka. Nilisikitika, na sikutaka aone, nikainuka kuangalia keki ambazo hazikuhitaji kuangaliwa.

"Halafu?" akasema nyuma yangu.

"Halafu nini?"

"Halafu shule zikifunguliwa. Nani atakuja kunichukua?"

Nikageuka. Alikuwa ananisubiri, amekunja uso, kwa sababu nilikuwa nachelewa kujibu kitu rahisi.

"Unataka aje nani?" nikamuuliza.

Akanipima kuanzia nywele zilizojaa unga hadi miguuni, bila haraka na bila adabu yoyote.

"Njoo wewe," akasema. "Ila usilete keki."